Sifa ya Vidole Viwili

Katika mambo ambayo watu wa ufuko wa Ziwa Mweru wameyaacha yafe pasi na kuyawekea matanga, tangu Nchelenge na Kashikishi hata kuvuka maji kufika Kilwa ya Kongo, hapana linalonisikitisha kama ufundi wa kupiga gitaa kwa vidole viwili, kidole gumba na kidole cha shahada, ambao kwa miaka mingi ulikuwa kiburudisho cha wavuvi, wachimba shaba, makarani na wasafiri wa pande hizi. Na kilele cha ufundi huo, kwa hukumu yangu na kwa hukumu ya wengi walio mafundi kunishinda, ni sahani moja ya santuri iliyotiwa sauti mwaka 1952 katika mji wa Jadotville, ambao leo waitwa Likasi. Sahani hiyo ni "Masanga", na mwenyewe ni Mwenda Jean Bosco, kijana wa Kiyeke aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930, ambaye baadaye alipenda kujiita Mwenda wa Bayeke.

Aliyemtia katika sahani ni Hugh Tracey, Mwingereza wa Afrika ya Kusini aliyeitumia sehemu kubwa ya umri wake kuzunguka bara hili na vinasa sauti vyake, akisikiliza marimba, ngoma, zeze na waimbaji wa vijijini, na akiwa na wasiwasi wa dhati kwamba vitu hivyo vitatoweka kabla ya wenyewe kutambua thamani yake. Bosco alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu. Hakuwa na kikundi, hakuwa na mfadhili, wala hakuwa amesoma muziki mbele ya mwalimu wa chuo chochote. Alikuwa na gitaa lake na mkono wake wa kulia. Kampuni ya Gallo ya Johannesburg ikaichapa sahani kwa alama yake ya Gallotone, ikaisambaza huku na huko, na kabla ya muda mrefu kupita jina la kijana wa Bunkeya likawa linatajwa mahali ambapo Bunkeya yenyewe haikupata kutajwa.

Anayeisikia "Masanga" kwa mara ya kwanza, kama hakuambiwa kitu, hudhani kuwa wapigaji ni wawili, na wengine huapa kuwa ni watatu. Kidole gumba kinazishika nyuzi nene, kikienda kwa hatua zake pasi na kuharakishwa na mtu, ilhali kidole cha shahada kinazichezea nyuzi nyembamba kikisimulia habari nyingine kabisa. Na lililo la ajabu si kwamba viungo viwili vya mkono mmoja vyaweza kufanya kazi mbili kwa wakati mmoja, maana hilo hata mfumaji wa nyavu hulifanya kila siku, bali ni kwamba kila kimoja kinamsikiliza mwenziwe, kama wanawake wawili watwangao katika kinu kimoja, ambao mchi wa huyu hauanguki ila wa yule umekwisha kuinuka. Pale ambapo mahadhi yanapumzika, gumba linapanda kidogo na kuijaza nafasi. Pale ambapo gumba linanyamaza, shahada inateremka na kushika zamu ya chini, hata msikilizaji akajikuta hawezi tena kusema kwa yakini wapi besi inakoma na wapi mahadhi yanaanza.

Na mapigo nayo yana siri yake. Sikio likianza kuyahesabu mawili mawili, linaona sawa. Likianza kuyahesabu matatu matatu, linaona sawa vile vile. Na likijaribu kuamua ni lipi kati ya hayo mawili lililo la kweli, wimbo umekwisha kupita. Mtu aliyekulia karibu na ngoma za Walunda na Wabemba hatashangaa, kwani huko mapigo ya namna mbili hupishana katika uwanja mmoja na mchezaji huchagua mguu wake ufuate lipi. Lakini ngoma hizo zina wapigaji wengi, kila mmoja na zamu yake, na Bosco aliuchukua uwanja mzima, na wapigaji wake wote, akauweka juu ya paja lake.

Nataka nikae kidogo hapo, kwa kuwa ndipo yalipo maudhui yangu. Sahani ya zama hizo, ile nzito ivunjikayo ukiiangusha, izungukayo mara 78 kwa dakika, ilikuwa na nafasi ya dakika tatu hivi kila upande, na mtunzi aliyeketi mbele ya kinasa sauti alijua kwamba yote aliyo nayo lazima yaingie humo, tangu salamu hata kwaheri. Ufinyu huo uliwafundisha watunzi adabu. Bosco haanzi kwa mbwembwe. Anaingia, anaiweka sauti kuu mbele ya msikilizaji, kisha anairudia, lakini katika kuirudia hairudishi kama ilivyokuwa: mara anaondoa pigo moja, mara anachelewesha jingine, mara anaipandisha katika nyuzi za juu kisha anaishusha taratibu, hata ukadhani ni wimbo mpya kumbe ni ule ule umebadili nguo. Mtu afanyaye hivyo anamheshimu anayemsikiliza. Anamdhania kuwa ana masikio, na kuwa ana akili ya kukumbuka kilichopigwa punde tu iliyopita.

Wala hakuwa mpigaji tu. Katika "Tambala Moja" na "Bombalaka" na nyinginezo zilizofuata, alitunga maneno mwenyewe, akatunga mahadhi mwenyewe, akaimba na kujipigia mwenyewe, na sehemu kubwa ya maneno hayo ni ya Kiswahili kile cha Katanga, ambacho wasomi wa pwani wamezoea kukikunjia uso, na ambacho kinywani mwake kinakuwa chepesi na cha kupendeza kabisa. Aghalabu sisi tuliolelewa na Kiswahili cha mwambao hudhani kuwa lugha hii iliishia kuheshimika pale ilipoishia minazi. Ni dhana mbaya. Livingstone alipofika Mweru mwaka 1867 na kuingia katika mji wa Mwata Kazembe, alimkuta huko Mohamed bin Saleh, mtu wa biashara ya pwani, akiwa amekwisha kukaa miaka mingi. Na mwaka huo huo Tippu Tip alipigana na Nsama wa Watabwa upande wa kaskazini mashariki ya ziwa. Kiswahili katika ufuko ule, kwa hiyo, si mgeni wa jana.

Na Wayeke wenyewe ni nani? Historia yao naigusa kwa ncha ya kalamu tu. Msiri, mfanyabiashara wa Kisumbwa kutoka upande wa Unyamwezi, alikuja kwa ajili ya shaba na pembe, akapafanya Bunkeya kuwa makao ya ufalme, na Mwenda likawa jina la kurithiwa na watawala wa Wayeke baada yake. Mwezi wa Desemba 1891 aliuawa kwa risasi ya watu wa msafara uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Na mwaka 1894 Wazungu wakapatana kuwa mto Luapula uwe mpaka, magharibi iwe ya Leopold na mashariki iwe ya Waingereza, na ziwa likakatwa vipande viwili juu ya karatasi. Samaki hawakuambiwa, na watu hawakukubali. Vijana wa Luapula waliendelea kuvuka kwenda kutafuta kazi katika machimbo ya Katanga, hata kabla machimbo ya upande wao hayajapata nguvu; samaki wa Mweru waliendelea kupelekwa Elisabethville, ambao leo waitwa Lubumbashi, kwa njia ya Kasenga, mikononi mwa wafanyabiashara wa Kigiriki waliojenga maisha yao kando ya mto ule; na waliokwenda walirudi na baiskeli, na blanketi, na mara nyingine walirudi na gitaa. Ndiyo maana, wakusanyaji wa sauti za kale walipozitoa upya santuri za Tracey za miaka ile ya 1950, waliziweka pamoja nyimbo za kusini mwa Kongo na nyimbo za kaskazini mwa Zambia, Bosco ubavuni mwa Stephen Tsotsi Kasumali, kwa sababu hapana sikio liwezalo kuutia mpaka wa 1894 ndani ya fani ile.

Zama zile vilevile redio ya Lusaka ilikuwa imeanza kuingia vijijini, kwa kile chombo kidogo cha betri chenye umbo la sufuria kilichoanza kuuzwa mwaka 1949 kwa pauni tano, na ambacho mtu mmoja akikinunua kijiji kizima kilijihesabu kuwa kimenunua. Alick Nkhata, mtunzi na mwimbaji ambaye naye alilipenda gitaa, alikuwa miongoni mwa sauti zake. Watu waliketi wakasikiliza. Nasema waliketi, kwa kuwa siku hizi muziki unasikilizwa na watu waliosimama, wanaopita, wanaozungumza, wanaopika, wanaouza, na wimbo ukisha hakuna hata mmoja aliyetambua kuwa umekwisha.

Mwezi wa Januari, wakati uvuvi wa Mweru umefungwa kwa sheria ili samaki wazae, ufuko wa Kashikishi hupungukiwa na ile harufu yake ya chisense, dagaa wa ziwa hilo, wanaoanikwa mchangani, na mitumbwi hulala kifudifudi, na wanaume hurudia kazi ya nyavu. Katika majira hayo nilimkuta mzee mmoja, ambaye vijana walimwita Bashikulu kwa adabu ya Kibemba, ameketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, na gitaa mapajani. Lilikuwa gitaa la kununuliwa dukani zamani sana, lililopasuka ubavu na kuzibwa kwa gundi na kipande cha bati, na nyuzi zake mbili zilikuwa si za gitaa bali ni nyaya zilizochambuliwa kutoka katika kamba ya breki ya baiskeli. Alipiga "Masanga". Hakuipiga kama ilivyo katika sahani; aliipiga polepole zaidi, kwa sababu ya vidole ambavyo umri na maji ya ziwa vimevikaza, lakini gumba lake lilikuwa linatembea ile hatua yenyewe, pasi na wasiwasi, na wanawake wa Kongo waliokuwa wakingojea chombo cha kuvuka waliacha mazungumzo, na mmoja wao, mtu mzima aliyejitanda kitenge, akamwomba kwa Kiswahili cha kwao aipige tena, akimwita papa.

Nilimwuliza alijifunza kwa nani. Akanieleza kuwa ni kwa mjomba wake, aliyefanya kazi Elisabethville, na kwamba mjomba yule hakupata kumfundisha hata siku moja. Alimruhusu tu aketi upande wake wa kulia, karibu, mahali ambapo mkono unaonekana, na akimwona amekosa alipokuwa akijaribu peke yake jioni, alilichukua gitaa, akapiga kipande kile kilichokosewa, akamrudishia, asiseme neno. Sijapata kusikia maelezo ya elimu yaliyo bora kuliko hayo. Mwanafunzi alikuwa na macho, mwalimu alikuwa na subira, na kati yao palikuwa na chombo kimoja kinachokwenda na kurudi.

Kisha nikaiona penseli. Shingoni mwa gitaa, juu ya nyuzi zote, palikuwa na kipande cha penseli kilichofungwa imara kwa utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli, na kila alipotaka kuimba wimbo mwingine alikilegeza, akakisogeza juu au chini kwa kadiri alivyoisikia sauti yake ilivyo siku hiyo, akakifunga tena. Wapigaji wa fani hii tangu Katanga hata Kenya walikifanya kitu hicho, wala si kwa umaskini peke yake kama wanavyosema wasiojua. Penseli ile ndiyo adabu ya mtunzi ikionekana kwa macho. Sauti ya mtu ina mahali pake, na mahali pake hubadilika kwa umri, kwa mafua, kwa huzuni, na hata kwa saa za siku. Basi fundi wa zamani hakuilazimisha sauti ilifuate gitaa, wala hakulazimisha koo lake lipande lisipoweza, bali alilipeleka gitaa likaikute sauti pale ilipokaa. Leo kazi hiyo imebadilishwa nafasi. Mwimbaji huimba ovyo, akijua kwamba mashine katika chumba cha kutia sauti itaivuta kila noti hata ifike inapotakiwa, na kinachotoka ni sauti iliyonyooka kabisa isiyo ya mtu yeyote. Nikilinganisha mashine ile na kipande kile cha penseli, sina shaka hata kidogo ni kipi kilichobuniwa na mwenye akili zaidi.

Mzee alipokuwa akipiga, hatua chache kutoka tulipokuwa, kulikuwa na kipaza sauti cha baa kikinguruma tangu asubuhi, na vijana wa kiume walikuwa wengi mbele yake. Hakuna aliyekuja kuketi upande wa kulia wa mzee. Siwalaumu vijana peke yao. Mtoto hutazama anachotazama baba, na baba zao walikuwa ndani ya baa.

Wala sisemi kuwa umeme ndio uliokiua kitu hiki. Zambia ya miaka ya 1970 ilitoa vijana wa miji ya shaba walioshika gitaa la umeme na kuunda ule muziki wao mkali wa roki ambao dunia inautafuta tena sasa, kina WITCH, kina Rikki Ililonga, kina Paul Ngozi, na mkono wao ulikuwa mkono wa kazi. Na Luapula yenyewe iliikuza kalindula, fani ambamo P. K. Chishala, aliyekuwa kipofu, alitunga kwa Kibemba nyimbo zenye visa vya watu wa kawaida kwa namna ambayo hata mtu asiyeijua lugha ile hutambua kuwa anasimuliwa jambo. Hao wote niwasikiapo nawasikia watu wanaopiga. Kilichouua ufundi wa vidole viwili ni jingine: ni kule kuzoea kuwa muziki ni kitu kinachopatikana, kama maji ya bomba, pasi na mtu kujiuliza ni nani aliyeuchota.

Waliojiuliza walitoka mbali. David Rycroft, mwanachuoni, mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliketi na sahani za Bosco akaandika kila mlio wake kwa noti, akayachapisha maandishi hayo katika jarida la African Music, akiutendea mkono wa kijana wa Bunkeya taadhima ile ile wanayotendewa watunzi wakubwa wa Ulaya. Gerhard Kubik wa Austria alimfuatia kwa miaka mingi. Mwingereza mmoja, John Low, alisafiri mwenyewe hata Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati ule, akamtafuta Bosco, na wapigaji wenziwe Losta Abelo na Edouard Massengo, akaketi nao na gitaa lake ajifunze, na kitabu cha safari hiyo kikachapishwa Vienna mwaka 1982. Bosco mwenyewe alikuwa amekwisha kuishi Nairobi kwa muda, mwishoni mwa miaka ya 1950, akisikika redioni huko na kuwaachia wapigaji wa Kenya alama ambayo wao wenyewe hawakuikana. Na mwaka 1969 alipanda jukwaani Newport huko Marekani. Nawashukuru wageni hao kwa moyo wangu wote. Walakini ni lazima niseme linaloniuma: leo ukimtaka mtu wa kukupigia "Masanga" barabara, gumba mahali pake na shahada mahali pake, ni rahisi kumpata katika mji wa Ulaya kuliko kumpata Nchelenge, ambako upepo ukitulia mtu huweza kuvuka asubuhi kwenda Kongo na kurudi.

Wengine hunituliza kwa kusema kwamba hakuna kilichopotea, kwa kuwa sahani ipo, imetolewa upya, na kila mwenye simu aweza kuisikia. Ni kweli kwamba sauti ipo, na lau ingalikuwa haipo tungalikuwa na hasara isiyo na kifani. Lakini sahani inahifadhi kilichotoka mkononi, haiuhifadhi mkono. Haikuonyeshi gumba lilivyolala, wala haikuambii ni mlio upi uliopigwa kwa ukucha na upi kwa nyama ya kidole, wala haikurudishii gitaa kimya kimya ukikosea. Ufundi ni kitu kinachokaa katika mwili wa mtu, na kwa mtu kinahamia kwa mtu, goti kwa goti, na siku anapoondoka wa mwisho aliyekipokea kwa njia hiyo, kinabaki kuwa habari tu, nzuri, iliyohifadhiwa vema, ambayo hakuna aiwezaye.

Mwenda wa Bayeke alifariki mwaka 1990 katika ajali ya gari, na ajali hiyo ilitokea hapa Zambia, upande huu wa mpaka ambao nyimbo zake hazikupata kuutambua.

Basi wewe usomaye, ikiwa unakaa Nchelenge, au Pweto, au Kasenga, au Mansa, au Lubumbashi, na katika ukoo wenu au katika mtaa wenu yuko mzee ambaye wakati mmoja alipiga gitaa kwa vidole viwili, na gitaa lake sasa limetundikwa ukutani bila nyuzi, mnunulie nyuzi mpya. Mpelekee mwenyewe, usimtume mtoto. Mpeleke na kijana wenu mmoja aliye mtulivu, mwambie aketi upande wa kulia wa mzee, anyamaze, atazame. Na mwombe mzee, kwa heshima zote, aanze na "Masanga".